UZI: Muziki wa Romantiki wa Ulaya, na piano ya pembe za ndovu ukumbini kwetu

#1 – Besi wa Nyuma (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye ukumbi wa parokia niliyokulia kulikuwa na piano kuukuu, ile ya kusimama, imeegemezwa ukutani na mfuniko wake umefungwa karibu mwaka mzima. Jioni moja baada ya mazoezi wenzangu walikuwa wameshaondoka, mimi nimebaki kukusanya madaftari ya nota, mwalimu wetu wa kwaya akaifungua. Akapiga kipande kifupi, hakifiki dakika tatu. Mkono wa kulia ulikuwa karibu haufanyi kitu: mi, fa, mi. Kimya kidogo. Tena mi, fa, mi. Ila chini yake mkono wa kushoto ulikuwa unateremka nusu sauti kwa nusu sauti, kama mtu anayeshuka ngazi gizani huku akipapasa kila kidato kwa mguu. Katikati mkono wa kulia ukapanda ghafla na kulia kwa nguvu, halafu ukachoka, ukarudi kwenye mi yake. Mwishoni akanyamaza kabisa, mpaka nikadhani amemaliza. Kisha akaweka mipatano mitatu (sauti kadhaa kwa pigo moja) ya chini sana, ndipo ikaisha.

Nikamuuliza, "Mwalimu, huu wimbo maneno yake ni yapi?"

Akasema, "Hauna maneno. Mwenyewe hakuyahitaji."

Mwenyewe ni Frédéric Chopin, mtoto wa Poland, na kile kipande ni Preludi ya 4 katika zile 24 za opus 28, yaani kazi yake namba 28. Kitabu hicho alikikamilisha kwenye kisiwa cha Majorca, majira ya baridi ya 1838 kuingia 1839, akiwa amepanga vyumba katika monasteri ya zamani ya Valldemossa, mapafu yanamsumbua, mvua hainyamazi. Alipofariki Paris mwezi wa 10 mwaka 1849, akiwa na miaka 39, preludi hiyo hiyo ilipigwa kwa kinanda cha kanisa kwenye misa ya mazishi yake.

Tangu jioni ile nimekuwa nikifuatilia muziki wa kipindi kile, unaoitwa kipindi cha Romantiki. Kwa hesabu ya jumla ni karne ya 19 nzima, ukianzia kwa Beethoven na kuishia miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Ninachotaka kusema katika uzi huu ni kimoja: ule muziki haujaisha. Tunauimba kanisani, tunaingia nao harusini, tunaogopa nao kwenye filamu, na wengi wetu hatujui tumeupata wapi.

Kwanza nisafishe jina. Ukisikia "romantiki" usifikirie mapenzi ya maua na mishumaa. Neno limetokana na zile hadithi za kale za Ulaya za mashujaa, misitu na mazimwi. Waandishi wa Ujerumani mwishoni mwa karne ya 18 walilichukua wakalipa maana ya sanaa inayofuata hisia, ndoto, hofu, mauti, asili na kile kisichoelezeka. Mwaka 1810 mwandishi E.T.A. Hoffmann, akiichambua Simfonia ya 5 ya Beethoven, yaani kazi yake kubwa ya tano ya orkestra, alisema muziki ndio sanaa ya kiromantiki kuliko zote. Kabla ya hapo wanafalsafa wengi waliuona muziki kama pambo tu, kwa kuwa hausemi kitu kwa maneno. Sasa kutosema kwa maneno kukageuka kuwa ndiyo nguvu yake.

Na hadhi ya mtunzi nayo ikabadilika. Joseph Haydn alipoajiriwa na ukoo wa Esterházy mwaka 1761, mkataba ulimtaka avae sare na soksi nyeupe kama watumishi wengine wa nyumba, na alichotunga kilikuwa mali ya bwana wake. Miaka 41 baadaye, mwaka 1802, Beethoven yuko kijiji cha Heiligenstadt nje ya Vienna, masikio yanakufa, anawaandikia ndugu zake barua kwamba alikaribia kujiua na kilichomzuia ni sanaa peke yake, kwa kuwa hawezi kuondoka duniani kabla hajatoa yote anayoyahisi ndani yake. Ukisoma mkataba ule kisha ukasoma barua ile, utaona watu wawili wa dunia mbili. Wa kwanza anatunga kwa kuwa bwana ana wageni jioni. Wa pili anatunga kwa kuwa asipotunga atakufa.

Naendelea chini, msinikatishe kidogo.

#2 – Besi wa Nyuma

Sasa wanakwaya, hili fanyeni kwa sauti, hata kama mko kwenye daladala imbeni kwa kunong'ona.

Imba: do, re, mi, fa, so, la, ti. Simama hapo hapo kwenye ti. Nyamaza.

Umeona? Kuna kitu kinakuvuta kooni. Ti inataka do. Hakuna aliyekufundisha kuitaka, lakini ukiiacha ti hewani unahisi kama umeacha mlango wazi usiku. Muziki wote wa Ulaya wa karne zile umejengwa juu ya huo mvuto: unaondoka nyumbani, unatangatanga, unarudi kwenye do. Watunzi wa Romantiki walichofanya ni kuchelewesha kurudi. Schubert alichelewesha kidogo, Chopin akachelewesha zaidi, Liszt akaongeza, halafu akaja Richard Wagner.

Opera yake, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, ya Tristan und Isolde ilipigwa mara ya kwanza Munich tarehe 10 Juni 1865. Inaanza kwa sello, zile fidla kubwa za sauti nzito, peke yake, sauti tatu nne hivi, kisha vinaingia vyombo vya kupuliza na mpatano mmoja ambao wanamuziki wanaujua hadi leo kwa jina la "mpatano wa Tristan". Mpatano ule unataka kwenda mahali, lakini unakwenda kwenye mpatano mwingine ambao nao haujatulia. Kimya. Anajaribu tena, juu zaidi. Haijatulia. Hadithi yenyewe ni ya watu wawili wanaopendana na hawawezi kuwa pamoja, na muziki unafanya kile kile wanachopitia. Unasubiri karibu saa nne ukumbini. Utulivu kamili unaupata mwisho kabisa, Isolde anapokufa juu ya mwili wa Tristan. Ile ti ya mwanzo inapata do yake pale.

Baada ya hapo watunzi wengi wakaanza kujiuliza kama kurudi nyumbani ni lazima, na sehemu kubwa ya muziki wa karne ya 20 ikatokea kwenye swali hilo.

Kingine ni hadithi. Mwaka 1815 Franz Schubert, kijana wa miaka 18, alichukua shairi la Goethe liitwalo Erlkönig. Baba amepanda farasi usiku, amemkumbatia mwanawe mgonjwa. Mtoto anaona jini la msituni linamwita kwa sauti tamu. Baba anamwambia ni ukungu tu, ni majani tu. Mwimbaji ni mmoja, lakini anaimba watu wanne: msimulizi, baba, mtoto na jini. Baba yuko sauti ya chini, mtoto kila anapolia anapanda juu zaidi kuliko mara iliyopita, na jini linaimba kwa upole, taratibu. Mkono wa kulia wa mpiga piano ndio kwato za farasi: sauti ile ile inagongwa haraka haraka mwanzo hadi karibu na mwisho, na mpiga piano asiye na mazoezi mkono unakufa ganzi katikati ya safari. Wanapofika nyumbani kwato zinasimama. Mwimbaji anasema, karibu kama mtu anayeongea tu, kwamba mikononi mwa baba mtoto alikuwa amekufa.

Aliyelelewa na bibi wa kusimulia hadithi jioni, anayebadilisha sauti kwa kila mhusika, huo wimbo hautamshinda hata kama hajui neno la Kijerumani. Schubert alifariki akiwa na miaka 31, ameacha nyimbo zaidi ya 600.

#3 – Mama Alto

Mwanangu Besi, nimeimba kwaya miaka 30 na hilo la ti sikuwahi kuambiwa hivyo. Jumamosi nina mazoezi na watoto, nitalijaribu.

Ila nakuuliza. Toka umeanza ni Chopin, Beethoven, Schubert, Wagner. Wanawake walikuwa wapi? Au walikuwa wanapika tu?

#4 – Besi wa Nyuma

Mama, shikamoo. Swali lako nililitarajia na linauma.

Fanny Mendelssohn alikuwa dada mkubwa wa mtunzi wa Kijerumani Felix Mendelssohn, amempita miaka mitatu na kidogo. Walifundishwa muziki pamoja, na wote wawili walikuwa na kipaji cha kutisha. Mwaka 1820 Fanny ana miaka 14, baba yao alimwandikia kwamba kwa Felix huenda muziki ukawa kazi, lakini kwake yeye uwe pambo tu. Baadhi ya nyimbo zake zikachapishwa ndani ya vitabu vya Felix, kwa jina la Felix. Mwaka 1842 Felix alikaribishwa na Malkia Victoria huko London, malkia akachagua wimbo mmoja kutoka kimoja cha vitabu hivyo auimbe mwenyewe. Ulikuwa wimbo uitwao Italien. Felix ikambidi akiri mbele ya malkia kwamba ule ni wa dada yake.

Fanny alitoa kitabu chake cha kwanza kwa jina lake mwaka 1846. Mei 1847 alianguka akiwa kwenye piano, anafanya mazoezi ya kazi ya mdogo wake Felix, akafa siku hiyo hiyo. Felix naye alifuata Novemba mwaka ule ule. Ameacha kazi zaidi ya 400 huyo mama, na nyingi zilibaki makabatini karne nzima na zaidi.

Clara Schumann naye nisimsahau: watoto 8, mume aliyeugua akili akajitupa mto Rhine mwaka 1854, na bado alipiga matamasha Ulaya nzima kwa zaidi ya miaka 60. Ni miongoni mwa waliofanya iwe kawaida mpiga piano kupiga bila kitabu mbele yake.

#5 – Mzenji

Bwana Besi, assalaam alaykum. Nimesoma kwa makini na nina swali moja kuhusu ile piano ya ukumbini kwenu. Vibonyezo vyake vyeupe vilikuwa vyeupe kweli, au vya manjano kama meno ya mzee? Na kila kibonyezo, ulikiona kina mstari mwembamba unaokikata kwa upana, pale kinapoanza kuwa chembamba kupita kati ya vile vyeusi?

#6 – Besi wa Nyuma

Waalaykum salaam sheikh. Vya manjano. Na mstari upo. Viwili vitatu juu palibanduka, ukiweka kidole unagusa mbao tupu. Nilidhani ni uchakavu.

#7 – Mzenji

Basi hiyo ni pembe ya ndovu, ndugu yangu. Plastiki kwa kawaida haina mstari ule. Kila kibonyezo kilibandikwa vipande viwili vyembamba, kichwa na mkia, na mstari unaouona ni maungio. Pembe ikikaa gizani hugeuka manjano, ndiyo maana piano iliyofungwa mfuniko miaka mingi inakuwa hivyo. Ukiinama ukatazama kwa taa ya pembeni utaona na mishipa yake, kama mbao lakini laini zaidi.

Naleta hili kwa kuwa linatuhusu sisi wa huku. Piano ndiyo chombo cha kipindi hicho chote unachokisimulia. Piano za wakati wa Mozart zilikuwa ndogo, za mbao tupu, na vibonyezo 61. Karne ya 19 ikaleta fremu ya chuma ya kubeba nyuzi nene zilizokazwa kwa nguvu, vibonyezo vikaongezeka mpaka vikafika 88, na viwanda vikaanza kuzitoa kwa maelfu, kila familia yenye uwezo Ulaya na Marekani inataka yake sebuleni. Kila piano inataka vibonyezo vyeupe 52. Na pembe waliyoipenda watengenezaji ni ya Afrika Mashariki, kwa sababu ni laini, inakatika vizuri bila kupasuka, na ni nyeupe.

Pembe hizo zilipita hapa Unguja. Wamarekani walifunga mkataba na Sayyid Said mwaka 1833, wakaleta balozi wao mdogo hapa mwaka 1837. Pembe ikipimwa kwa frasila sokoni, ikapakiwa majahazini na merikebuni, nyingine kwenda Bombay na London, nyingine moja kwa moja Marekani. Huko Connecticut kuna miji miwili, Deep River na Ivoryton, iliyoishi kwa kukata pembe za vibonyezo. Jina la huo wa pili limetokana na pembe yenyewe. Walikuwa na majumba ya vioo ambamo vipande vilipangwa juani wiki nyingi viwe vyeupe.

Na mpaka zifike Unguja zilibebwa kwa mabega ya watu. Wapagazi Wanyamwezi waliofanya kazi hiyo kwa ujira, na watumwa ambao hawakuulizwa. Kutoka Ujiji hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 1,000. Tippu Tip mwenyewe, Hamed bin Muhammed el Murjebi, ameacha maisha yake kwa Kiswahili, na asomaye ataona pembe katika kila safari.

Sisemi haya kukuharibia Chopin wako. Nimesema ili ukirudi kwenye ile piano ujue unagusa nini.

#8 – Kijana wa Pwani

Mzenji umemaliza kila kitu. Kwa hiyo wakuu, watu wamekufa njiani ili mabinti wa Ulaya wapige piano sebuleni, na leo tunakuja kuusifia huo muziki? Huu ni muziki wa wakoloni. Sisi tuna ngoma zetu, tuna taarab, tuna zeze. Kwa nini tusifungue uzi wa hayo?

#9 – Besi wa Nyuma

Nimekaa siku mbili kabla ya kujibu.

Mzenji, nashukuru kwa dhati. Jana nilipiga simu nyumbani nikaomba mtu aende ukumbini kuangalia. Piano ipo, imefunikwa shuka. Ameniambia mishipa inaonekana.

Kijana wa Pwani, mkuu, hoja yako sitaipinga kwa kuizunguka. Ni kweli. Uzuri ule na uovu ule vilitembea pamoja, na anayeusikiliza muziki huo asijidanganye kuwa ulishuka kutoka mawinguni. Lakini kwangu mimi hilo linanipa haki zaidi ya kuusikiliza, halinipunguzii. Kama bega la mtu wa Tabora ndilo lililobeba sehemu ya chombo, sioni kwa nini mjukuu wake aambiwe kile chombo hakimhusu.

Halafu ndani ya muziki wenyewe watu weusi walikuwepo. Mwaka 1803 Beethoven alitunga sonata kubwa ya fidla na piano, akaipiga mara ya kwanza Vienna pamoja na George Bridgetower, mpiga fidla ambaye baba yake alikuwa na asili ya Afrika. Sonata ilikuwa iwe ya Bridgetower. Wakagombana, Beethoven akafuta jina lake akaitunuku kwa Rodolphe Kreutzer wa Paris, ambaye inasimuliwa hakuipiga hadharani hata mara moja. Mpaka leo dunia inaiita sonata ya Kreutzer. Samuel Coleridge-Taylor, aliyezaliwa London mwaka 1875 na baba daktari kutoka Sierra Leone, aliandika Hiawatha's Wedding Feast mwaka 1898, na miaka mingi kwaya za Uingereza ziliiimba kwa mapenzi makubwa. Antonín Dvořák, Mcheki, alipokwenda kufundisha New York mwaka 1892 alimkuta chuoni mwanafunzi mweusi, Harry Burleigh, aliyekuwa akimwimbia nyimbo za kiroho za watumwa. Dvořák akatangaza magazetini kwamba muziki wa Marekani wa baadaye ujengwe juu ya nyimbo hizo. Mwaka 1893 simfonia yake ya 9 ikapigwa ukumbi wa Carnegie. Sikiliza sehemu ya pili, pale chombo kimoja cha kupuliza kinapoimba peke yake taratibu, uniambie kama hukumsikia mtu aliye mbali na kwao.

Na wazo la kwamba nyimbo za kwenu zinatosha kusimama mbele ya dunia, hilo unalolidai wewe, lilipata nguvu kubwa kwenye muziki huo huo. Wacheki walikuwa chini ya Austria. Wafini chini ya Urusi. Wapoland nchi yao ilikuwa imegawanywa vipande. Chopin aliondoka Warsaw mwezi wa 11 mwaka 1830, wiki chache tu kabla ya maasi dhidi ya Urusi, hakurudi tena maisha yake yote. Alichukua mazurka, ngoma za vijijini kwao, akazipiga Paris mbele ya matajiri kama mtu anayetamka jina la mama yake. Alipokufa, dada yake Ludwika aliubeba moyo wake kwa siri mpaka Warsaw, na uko kwenye nguzo ya Kanisa la Msalaba Mtakatifu. Mcheki Smetana alipokuwa ameshapoteza usikivu kabisa, mwaka 1874, aliutungia mto wa kwao, Vltava: zinaanza filimbi mbili, ndizo chemchemi mbili, zinakutana, zinakuwa mto, mto unapita katikati ya harusi ya wanakijiji na usiku wa mbalamwezi mpaka unafika Praha. Mfini Sibelius alitunga Finlandia mwaka 1899, na ikabidi ipigwe kwa majina mengine ili wakaguzi wa Tsar, mfalme wa Urusi, wasiikamate.

Miaka miwili kabla ya Finlandia, mwaka 1897, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg aitwaye Enoch Sontonga alitunga wimbo wa kwaya, sauti nne, kwa nota za sol-fa zile zile tunazotumia sisi, d r m f s l t. Nota hizo zilianzia Uingereza kwa Sarah Glover, akazieneza John Curwen katikati ya karne ya 19 ili watu wa kawaida wasio na piano waweze kusoma muziki, na wamisionari wakaja nazo huku. Mpangilio wa sauti za Sontonga ni wa tenzi za karne ile. Dua ni ya Kiafrika. Wimbo ule ndio leo tunausimamia wima tukiimba Mungu ibariki Afrika.

Sasa huo utauita wa nani, mkuu?

#10 – Kijana wa Pwani

Hapo kwa Sontonga umenigusa. Bridgetower sikuwahi kumsikia. Sijakubali yote lakini naendelea kufuatilia.

#11 – Mpiga Kinanda

Wakuu naomba niongeze la harusi kwa sababu ndiyo kazi yangu ya kila Jumamosi. Bibi harusi anapoingia napigiwa ishara, naanza ile "tan, tan ta-tan". Wakitoka nje napiga ile ya shangwe. Nimepiga mara mamia. Zote mbili ni za kipindi hiki?

#12 – Besi wa Nyuma

Zote mbili, ndugu, na ziko pamoja kwa namna ambayo ukiijua hutazipiga tena vile vile.

Ya kuingilia ni ya Wagner, kutoka opera ya Lohengrin, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Weimar mwaka 1850 chini ya uongozaji wa Liszt. Wagner mwenyewe hakuwepo, alikuwa mkimbizi Uswisi kwa kushiriki maasi ya Dresden. Kwenye opera haiimbwi bibi harusi akiingia kanisani. Inaimbwa baada ya ndoa, maharusi wakisindikizwa chumbani, na ndoa yenyewe inavunjika usiku ule ule.

Ya kutokea ni ya Felix Mendelssohn, mdogo wake Fanny, aliitunga mwaka 1842 kwa ajili ya tamthilia ya Shakespeare. Zilishika kasi Januari 1858 binti mkubwa wa Malkia Victoria alipoolewa na kijana wa ukoo wa kifalme wa Prussia na kutumia zote mbili. Kilichofanywa na binti wa malkia kikafanywa na mabinti wote, kikavuka bahari.

Mwaka ule ule wa Lohengrin, 1850, Wagner aliandika makala, kwa jina la kujificha, akidai Wayahudi hawawezi kutunga muziki wa kweli, na aliyemshambulia humo ni Mendelssohn, aliyezaliwa katika familia ya Kiyahudi, naye wakati huo alikuwa kaburini miaka mitatu. Karne iliyofuata Wanazi wakamtukuza Wagner, na sanamu ya Mendelssohn huko Leipzig ikabomolewa usiku mwaka 1936. Mimi muziki wa Wagner unanitikisa mpaka leo na chuki yake inanichefua, na sijapata njia ya kuvitenganisha. Lakini kila Jumamosi, kanisa kwa kanisa, bibi harusi anaingia na mmoja na kutoka na mwingine.

#13 – Msomaji Kimya

Mkuu umesema kwenye post ya kwanza "tunaogopa nao kwenye filamu" halafu hukurudi hapo. Nasubiri.

#14 – Besi wa Nyuma

Kweli, nilikuwa nadaiwa.

Wagner ana kazi nyingine, mzunguko wa opera nne uitwao Pete ya Mnibelungi, jumla yake kama saa 15, uliopigwa wote kwa mara ya kwanza Bayreuth mwaka 1876. Humo kila mhusika na kila kitu kikubwa kina kipande chake cha sauti: upanga, pete, moto, mto. Wanaviita laitimotifu. Mhusika hata kama hajatokea, orkestra ikigusa kipande chake tu unajua anafikiriwa, au anakuja. Berlioz wa Ufaransa alikuwa ameshafanya jambo la karibu na hilo mwaka 1830 kwenye Symphonie fantastique, ambamo melodia moja ni mwanamke anayempenda, inamfuata kwenye dansi, shambani, mpaka kwenye jukwaa la kunyongewa.

Miaka ya 1930, sinema zikiwa zimeshapata sauti, waliokwenda kuandika muziki Hollywood wengine walikuwa watoto wa Vienna waliolelewa na muziki huo. Max Steiner aliandika wa King Kong mwaka 1933. Erich Korngold, ambaye mtunzi Mahler alimwita kipaji cha ajabu tangu yuko mtoto, alipata Oskari kwa Robin Hood ya 1938, na mwaka ule ule Wanazi wakaingia Austria, asiweze kurudi. Walileta orkestra kubwa, laitimotifu, na ule ucheleweshaji wa do. John Williams akaja kuufufua mtindo huo kwa Star Wars mwaka 1977. Kwa hiyo unapokaa sebuleni, mwovu hajaonekana bado, sauti nzito za chini zinaanza kutembea na moyo unakwenda mbio, ile ni mashine iliyojengwa Ulaya karne ya 19 na bado inafanya kazi ile ile.

Brahms, Tchaikovsky na Mahler nimewaruka, nawaombea uzi wao. Anayetaka kuanza leo, aanze na Preludi ya 4 ya Chopin. Ni fupi. Sikiliza usiku, peke yako, na usifanye kitu kingine wakati huo. Ukifika pale anaponyamaza kabla ya mipatano mitatu ya mwisho, usiguse simu.

#15 – Mama Alto

Naleta mrejesho wa Jumamosi.

Watoto walikuwa 22. Niliwaambia tunaimba do mpaka ti, halafu kila mtu kimya, asiongee wala asicheke, nitahesabu mpaka 20. Wakaimba vizuri. Wakanyamaza kwenye ti. Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Kufika 5 wakaanza kutazamana. Kufika 9 wa mbele wanajipinda kwenye mabenchi kama wana kiu. Kufika 12 katoto kamoja ka sauti ya kwanza, ka miaka saba hivi, kaliyefumba macho muda wote, kakaimba do peke yake, ndefu, mpaka pumzi ikaisha.